Taka zetu na kesho ya urejelezaji Afrika Mashariki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi na wakusanyaji taka, wenye vituo vya kununua plastiki, viongozi wa mitaa na watu wanaotaka kuingia kwenye biashara hii. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya. Jibu linapohusiana na jingine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Kila mtu anasema biashara ya taka inabadilika. Kimebadilika nini hasa?

Mambo matatu yamekutana kwa wakati mmoja. La kwanza ni wingi. Mwaka 2018 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa miji duniani ilizalisha tani bilioni 2.01 za taka ngumu mwaka 2016, na kwamba ifikapo 2050 zitakuwa tani bilioni 3.40. Kusini mwa Sahara ndiko kwenye ongezeko kubwa zaidi: taka zitakaribia mara tatu.

La pili ni sheria. Tulianza na marufuku za mifuko ya plastiki: Zanzibar 2006, Rwanda 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Sasa sheria zinatoka kwenye kukataza bidhaa mojamoja na kuingia kwenye kupanga mfumo mzima. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya Kenya ya mwaka 2022 inamtaka kila mtu atenganishe taka zinazooza na zisizooza, inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia, na inamtwika mzalishaji wa bidhaa wajibu wa kile kinachobaki baada ya bidhaa kutumika (swali la 15).

La tatu ni soko la dunia. Mwanzoni mwa 2018 China ilifunga mlango kwa plastiki chafu na karatasi zilizochanganyika kutoka nje, na nchi tajiri zikabaki na marobota (mafurushi ya taka zilizobanwa na kufungwa) zisizojua pa kuyapeleka. Tangu hapo kila nchi inabanwa kumaliza taka zake yenyewe.

2. Taka za mijini kwetu zina nini ndani?

Nusu au zaidi kwa uzito ni taka mbichi: maganda ya ndizi na mihogo, machicha ya nazi, majani ya mboga, mabaki ya chakula. Msimu wa maembe au mananasi ukiingia, kiasi hicho hupanda na gari linakuwa zito kwa maji. Plastiki ni kama sehemu moja ya kumi kwa uzito. Kwa macho huonekana ndiyo nyingi kuliko zote, kwa sababu ni nyepesi, hujaza nafasi na ndiyo inayoelea mtaroni.

Usipolielewa hili, utanunua mtambo usiokufaa. Mipango mingi ya taka huanza na chupa na kuishia na chupa, ilhali kinachojaza dampo, kinachonuka na kinachotoa gesi ni maganda.

3. Kwa nini mnasisitiza kutenganisha nyumbani? Si mashine zitachambua?

Mashine huchambua vizuri kitu kikavu. Kamera inayotambua aina ya plastiki kwa mwanga hufanya kazi pale chupa zinapopita kwenye mkanda zikiwa zimetawanyika na safi kiasi. Chupa iliyopakwa mchuzi, karatasi iliyolowa maji ya nyanya na mfuko uliojaa maganda haviwezi kurudishiwa thamani yake kwa bei inayolipa. Thamani hupotea dakika mbichi na kavu zinapokutana ndani ya ndoo moja.

Kwa nyumba ya kawaida vyombo viwili vinatosha. Ndoo yenye mfuniko, lita 10 hadi 20, ni ya taka mbichi na itolewe kila siku mbili au tatu. Kiroba au gunia ni la vikavu: plastiki, karatasi, makopo, chupa za kioo. Gunia hilo linaweza kukaa hata wiki mbili bila kunuka, mradi kila chombo kimesuuzwa. Nepi, pedi na vumbi la kufagia viwe na mfuko wao mdogo (swali la 20). Ukianza na ndoo tano za rangi tano, wiki ya tatu zote zitakuwa zimechanganywa.

4. Tumetenganisha, lakini gari linakuja na kuchanganya zote. Tufanye nini?

Hili ndilo lalamiko linaloua miradi mingi ya mitaa, na watu wana haki ya kulalamika. Tatizo huwa liko kwenye ratiba na mkataba. Mkandarasi anayelipwa kwa tani zinazofika dampo hana sababu ya kutenganisha chochote; kila kilo anayoiokoa inampunguzia malipo.

Dawa ni kubadili siku kabla ya kubadili magari. Mbichi zichukuliwe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kavu zichukuliwe Jumamosi tu, na guta au kirikuu kingine. Mkataba useme malipo ni kwa nyumba zilizohudumiwa, siyo kwa uzito uliotupwa. Kwa miezi miwili ya mwanzo awepo mtu wa kufungua ndoo mlangoni na kumweleza mwenye nyumba palepale. Dar es Salaam, kata ya Bonyokwa imeonyesha kuwa ukusanyaji wa nyumba kwa nyumba unaotenganisha taka unawezekana hata mtaa ambao barabara zake si za lami.

## Plastiki

5. Nitajuaje aina ya plastiki niliyonayo?

Anza na namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya chombo:

- 1 ni PET: chupa za maji, soda, mafuta ya kula.
- 2 ni HDPE: madumu, chupa za maziwa na sabuni, vizibo vingi vya chupa.
- 3 ni PVC: mabomba, nyaya, baadhi ya karatasi za kufungia.
- 4 ni LDPE: mifuko laini na nailoni za kufunikia.
- 5 ni PP: ndoo, viti, viroba, vikombe vya mtindi.
- 6 ni PS: vijiko vya kutupa na maboksi meupe ya chipsi.
- 7 ni mchanganyiko wa nyinginezo.

Namba ikifutika, kata kipande kidogo ukizamishe kwenye ndoo ya maji yenye tone la sabuni. PP, LDPE na HDPE huelea kwa sababu ni nyepesi kuliko maji. PS ngumu, PVC na PET huzama; PS ya povu, kama maboksi ya chipsi, huelea. Bila sabuni, viputo vya hewa vitakishika kipande na kukidanganyia juu. Usipime kwa kuchoma: moshi wa PVC una asidi ya kloridi, unakwangua koo na mapafu.

6. Kwa nini kiwanda kinakata uzito au kukataa mzigo wangu wa chupa?

Mkaguzi hufungua robota moja au mawili na kuangalia mambo haya, takriban kwa mpangilio huu. Kwanza maji na mchanga, kwa sababu hataki kununua maji kwa bei ya plastiki. Pili rangi: chupa nyeupe angavu ina bei ya juu, bluu isiyokolea hufuata, kijani na kahawia huwa chini. Tatu chupa za mafuta ya kula, ambazo zina namba 1 vilevile lakini mafuta yake huchafua maji ya kuoshea ya zamu nzima. Nne ni PVC.

PVC ndiyo hatari zaidi. PET huyeyuka karibu na nyuzi 250 za Selsiasi. Kwa joto hilo PVC imekwisha kuungua zamani. Hutoa asidi inayokata PET yenyewe na kula vyuma vya mashine, na huacha madoa meusi. Gramu 100 ndani ya tani nzima zinatosha kuharibu mzigo wa kutengenezea chupa. Lebo inayobana chupa kuanzia shingoni hadi chini mara nyingine hutengenezwa kwa PVC, hivyo ivuliwe kabla ya kufunga robota.

Kuna pia watu wanaoweka mawe au maji ndani ya chupa ili uzito upande. Siku jiwe hilo linapofika kwenye visu vya mashine ya kusagia, kiwanda kinapoteza visu na kituo kinapoteza mteja.

7. Chupa ikifika kiwandani inapitia hatua gani?

Robota hukatwa, chupa huchambuliwa kwa mkono au kwa mashine, kisha husagwa kuwa vipande vya milimita 8 hadi 12. Vipande huingia kwenye tangi la maji, na hapo kazi nzuri hufanyika bila mtu kugusa: vizibo vya HDPE au PP huelea na kukwanguliwa juu, vipande vya PET huzama na kuvutwa chini kwa parafujo. Ndiyo maana kizibo kikibaki kwenye chupa si tatizo kwa kiwanda chenye tangi, lakini ni tatizo kwa kituo kisichokuwa nalo.

Baada ya hapo vipande huoshwa kwa maji ya nyuzi 80 hadi 85 yenye magadi makali ya asilimia 1 hadi 2, ili gundi ya lebo iachie. Husuuzwa, hukamuliwa, hukaushwa. Kabla ya kuyeyushwa hukaushwa tena kwa saa 4 hadi 6 kwenye hewa ya nyuzi 160 hadi 180, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 0.005. Ukiruka hatua hii, maji yaliyobaki hukata minyororo ya PET wakati wa kuyeyuka. Kwa macho mali inaonekana nzuri, ila chupa itakayotoka itapasuka.

8. Plastiki inaweza kurejelezwa mara ngapi?

Haina ukomo mmoja. Kila inapoyeyushwa hupoteza nguvu kidogo, ndiyo maana viwanda huchanganya na malighafi mpya. Chupa ya PET mara nyingi haiwi chupa tena. Huwa nyuzi za kujazia mito, mazulia au nguo, na baada ya hapo safari yake imekaribia mwisho. Kinachobadilika sasa ni kanuni za vifungashio. Umoja wa Ulaya umeweka kiwango cha asilimia 25 ya plastiki iliyorejelezwa kwenye chupa za PET kuanzia 2025, na asilimia 30 kwenye chupa zote za vinywaji ifikapo 2030. Kanuni kama hiyo inatengeneza mnunuzi wa uhakika, na mnunuzi wa uhakika ndiye aliyekosekana miaka yote.

Alumini na kioo havina shida hii. Kuyeyusha kopo la alumini kuukuu hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kuzalisha alumini mpya kutoka kwenye madini, na kwa hiyo kopo halikosi mnunuzi popote.

9. Paketi za biskuti, sabuni za unga na vifuko vidogo, kwa nini hakuna anayevinunua?

Kwa sababu kifuko kimoja kina tabaka tatu au nne za vitu tofauti vilivyogandishwa: plastiki ya nje ya kuchapishia, karatasi nyembamba ya alumini, plastiki ya ndani ya kuziba kwa joto. Hakuna njia rahisi ya kuzibandua. Tena kifuko kina gramu mbili au tatu, kwa hiyo mwokotaji atainama mara mia nne apate kilo moja isiyo na soko.

Urejelezaji hauna jibu la vifuko hivi. Vinashughulikiwa kwa kubadili muundo uwe wa plastiki ya aina moja, kwa kuuza bidhaa kwa kupima, au kwa katazo. Tanzania ilipiga marufuku pombe za viroba tarehe 1 Machi 2017, sababu kubwa ikiwa afya na vijana, lakini waliosafisha mitaro waliona tofauti.

10. Je, matofali, vigingi na mbao za plastiki ni suluhisho?

Ni njia nzuri ya kutumia plastiki ambayo haina soko lingine, hasa HDPE, LDPE na PP zilizochanganyika rangi. Nairobi, Nzambi Matee na kampuni yake ya Gjenge Makers wanachanganya plastiki na mchanga kutengeneza vitofali vya kutandaza njiani; Umoja wa Mataifa ulimtambua mwaka 2020. Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walijenga jahazi la Flipflopi kwa karibu tani 10 za plastiki na kandambili zilizookotwa ufukweni, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019.

Tahadhari ni mbili. Kuyeyusha kwenye pipa juu ya moto wa kuni hakuna kipimo cha joto: plastiki za kuelea zinahitaji nyuzi 160 hadi 220, na ukizidisha zinaanza kuvunjika na kutoa moshi wenye sumu. Tumia mashine yenye kipimajoto, mahali penye hewa. Pili, usitumie PET safi kutengenezea tofali, kwa maana unaishusha thamani mali ambayo ingelipwa vizuri kwingine. PVC usiiweke kabisa.

## Taka mbichi

11. Mboji inatengenezwaje kwa kiasi cha mtaa au soko?

Kinachopimwa ni uwiano, hewa na maji. Changanya ndoo moja ya taka mbichi za kijani (maganda, mboga) na ndoo mbili za vitu vikavu (majani makavu, pumba za mbao, mabua yaliyokatwakatwa). Lengo ni kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa nitrojeni sehemu moja. Lundo lisipungue mita moja kwa kimo, upana na urefu, la sivyo halitashika joto.

Baada ya siku mbili au tatu joto la katikati lifike nyuzi 55 hadi 65. Likae hapo angalau siku tatu mfululizo ili mbegu za magugu na vijidudu vife, kisha geuza ili vilivyokuwa nje viingie ndani. Geuza kila wiki kwa mwezi wa kwanza, halafu acha ipoe na kukomaa. Jumla ni miezi miwili na nusu hadi mitatu na nusu.

Kupima maji, kamata konzi moja na ubane. Yakitoka matone mawili matatu ni sawa. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Mkono ukibaki mkavu, nyunyizia. Harufu ya mayai yaliyooza maana yake hewa haipiti. Harufu kali inayochoma pua kama mkojo maana yake kijani kimezidi.

Kinachoangusha mboji nyingi za mijini ni vipande vya kioo na plastiki ndani yake. Mkulima akijikata mara moja hanunui tena, na hapo tunarudi kwenye swali la 3. Mtambo wa Mabwepande, uliojengwa kwa ushirikiano wa Manispaa ya Kinondoni na jiji la Hamburg, hutumia taka za masokoni kwa sababu hiyohiyo: soko hutoa taka mbichi zilizo safi kuliko za majumbani.

12. Na wale mabuu ya nzi askari mweusi, yanafaa kweli?

Yanafaa, na hapa ndipo tunapoona nafasi kubwa kwa vijana wenye eneo dogo. Nzi huyu si yule wa jikoni: akiwa mkubwa huishi siku chache tu, havamii vyakula wala hasambazi magonjwa. Mabuu yake ndiyo hula.

Kipimo cha kuanzia: kreti ya sentimita 60 kwa 40, mabuu 10,000 ya umri wa siku 5, na taka mbichi zilizosagwa kilo 15, zikigawanywa mara tatu ndani ya siku 12. Unyevu uwe asilimia 70 hadi 80, joto nyuzi 24 hadi 30. Mwishoni utavuna kilo 1.5 hadi 2 za mabuu ya kulishia kuku au samaki, pamoja na samadi ya bustani.

Makosa ya kawaida: chakula kuwa na maji mengi, mabuu yakakimbia na kreti ikanuka, kulisha kwa mkupuo mmoja, joto likapanda na mabuu yakafa, na kusahau nzi wazazi. Nzi hapandani gizani, kwa hiyo chandarua chao kiwe mahali penye jua. Mbao ndogo zenye nyufa ziwekwe humo kwa ajili ya mayai.

13. Biogesi je?

Inafaa kwa shule, magereza, mahoteli na machinjio, mahali ambapo taka mbichi zipo kila siku na jiko liko karibu. Mtambo hulishwa taka zilizosagwa na maji kiasi sawa, nazo hukaa ndani siku 30 hadi 40. Hufa kwa kulishwa malimao, mafuta au chakula kingi kwa siku moja: asidi hupanda na gesi haiwaki. Ikitokea, acha kulisha kwa wiki moja kisha rudi taratibu kwa samadi ya ng'ombe.

## Mitambo mikubwa, dampo na fedha

14. Kwa nini tusichome taka zote tupate umeme?

Kwa sababu taka zetu zimelowa. Tanuri la kuzalisha umeme linahitaji taka zenye nishati ya wastani wa megajuli 7 kwa kilo mwaka mzima. Taka zilizochanganyika zenye maganda kwa wingi mara nyingi hubaki chini ya hapo, na nishati inaishia kukausha maji. Mtambo wa Reppie, Addis Ababa, uliofunguliwa 2018, unaangaliwa na miji yote ya ukanda huu. Kabla ya kuuiga, jiji lipime taka zake kwa misimu yote, masika na kiangazi. Lisome pia mkataba: mitambo hii hudai tani za uhakika kila siku kwa miaka 20 au zaidi, na hapo jiji hujikuta likiogopa watu wake wakirejeleza.

Dampo la wazi nalo si jibu la bei nafuu. Lundo la Koshe, Addis Ababa, liliporomoka Machi 2017 na kuua watu zaidi ya 110. Kiteezi, Kampala, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua zaidi ya 30. Lundo refu lisilo na mifereji hudhoofika mvua ikipenya na gesi ikisukuma, na watu walikuwa wamejenga chini yake. Dandora, Nairobi, lilianza 1975 na lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Bado linapokea taka.

Dampo lililojengwa kitaalamu lina udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, juu yake zulia la HDPE la milimita 1.5, mabomba ya kukusanya maji machafu, visima vya gesi na tabaka la udongo la kama sentimita 15 kila jioni. Taka mbichi zikiondolewa njiani, dampo hilohilo hudumu muda mrefu zaidi na metani hupungua. Gesi hiyo, kwa miaka 100, hupasha dunia joto mara 28 kuliko hewa ya ukaa.

15. Wajibu wa mzalishaji ni nini, na fedha zitamfikia nani?

Anayeingiza sokoni kifungashio, betri au televisheni analipia kukikusanya na kukichakata kikishatumika. Ujerumani ilianza na vifungashio mwaka 1991. Kenya ilitoa kanuni zake mwishoni mwa 2024: mzalishaji au mwagizaji anajisajili, kisha anatimiza wajibu mwenyewe au kupitia jumuiya ya wazalishaji anayoilipa ada.

Fedha zitamfikia mkusanyaji pale tu kanuni zinapotaja malipo kwa kila kilo iliyothibitishwa kwa mzani na risiti. Kituo chako kianze leo kuweka daftari: tarehe, aina, kilo, aliyeleta, aliyenunua. Bila rekodi hizo hutahesabiwa.

16. Amana kwenye chupa ingewezekana huku kwetu?

Ipo tangu zamani. Mwenye duka akienda kuchukua soda bila kreti na chupa tupu, analipia chupa. Mteja akitaka kuondoka nayo, anaacha pesa. Ndiyo maana chupa ya soda ya kioo huikuti mtaroni. Ujerumani imeweka senti 25 za yuro kwenye chupa za plastiki na makopo ya kutumia mara moja tangu 2003, na karibu zote hurudi. Kinachohitajika hapa ni kuipeleka desturi hiyo kwenye chupa ya plastiki, pamoja na alama ya kuzuia chupa za nje ya mfumo kudai amana.

17. Mifumo mipya itawaondoa waokota chupa?

Itawaondoa ikiwa zabuni zitatolewa kwa kampuni moja na dampo kuzungushiwa uzio. Wao ndio wanaokusanya sehemu kubwa ya kinachorejelezwa, bila mshahara wala glavu. Njia ya haki ni ushirika uliosajiliwa, mkataba wa mitaa maalumu, vitambulisho, chanjo ya pepopunda na homa ya ini B, na kazi za kuchambua kituoni zianze kwao. Jiji litakalowaacha nje litalipa wageni kujifunza kazi ambayo watu wake tayari wanaijua.

18. Nataka kufungua kituo cha kununua plastiki. Nianze na nini?

Anza na mnunuzi, siyo na mashine. Uwe na kiwanda kilichokubali aina, rangi na uzito kwa maandishi. Halafu leseni ya biashara, namba ya mlipa kodi, kibali cha mazingira na mzani uliohakikiwa. Kwa Tanzania, kuhakiki mizani ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Sakafu iwe ya zege, paa liwepo, na malundo yaachiane njia ya mita mbili au zaidi kwa ajili ya moto.

Hesabu ya usafiri ndiyo huamua faida. Chupa zisizobanwa huwa na kama kilo 25 kwa mita ya ujazo, hivyo bodi ya gari ya mita 20 za ujazo inabeba nusu tani tu. Ukizibana hadi kilo 250 kwa mita, bodi hiyohiyo inabeba tani 5. Mashine ya kubana hulipa gharama yake kwenye mafuta ya gari.

Vituo vingi hufa kwa kukosa fedha taslimu. Mwokotaji analipwa leo, kiwanda kinalipa baada ya wiki kadhaa. Weka mtaji wa manunuzi ya mwezi mmoja na nusu. Jiandae pia kwa bei kuyumba: mafuta ghafi yakishuka, plastiki mpya inakuwa rahisi na viwanda vinapunguza bei ya plastiki kuukuu. Usijaze ghala kwa kusubiri bei ipande. Jua linakausha na kuvunja plastiki, na panya na moto havisubiri.

## Maswali ya pembeni

19. Simu, betri na sola kuukuu zipelekwe wapi?

Kwa mchakataji mwenye kibali cha taka hatarishi. Nairobi, kwa mfano, ipo WEEE Centre. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Usichome nyaya kupata shaba. Tumia kisu au mashine ya kumenya.

Betri ya gari isifunguliwe na asidi isimwagwe. Madhara yake yanajulikana pwani: wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika kwa madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, na kesi yao ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Kenya. Betri za lithiamu za simu na pikipiki za umeme zina hatari nyingine: zikibanwa kwenye robota au zikitobolewa huwaka. Ziba ncha zake kwa utepe, ziweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu, mbali na karatasi. Iliyovimba itolewe siku hiyohiyo.

20. Nepi na pedi?

Hazirejelezwi kwa vitendo hapa, na haziingii kwenye mboji. Zifungwe kwenye mfuko wao na ziende dampo lililojengwa vizuri. Nepi za kitambaa hupunguza mzigo pale maji yanapopatikana.

21. Mfuko ulioandikwa "unaoza" naweza kuuweka kwenye mboji?

Mara nyingi hapana. PLA, plastiki itokanayo na mahindi au muwa, inahitaji joto la karibu nyuzi 58 kwa wiki kadhaa; lundo dogo la nyumbani halifiki huko kwa muda huo. Nyingine zina dawa ya kuzifanya zikatike vipandevipande, na vipande hivyo hubaki kuwa plastiki. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mwaka 2021. PLA ina tatizo jingine kiwandani: huzama kama PET, na kwa hiyo tangi la swali la 7 haliitoi.

22. Taka za Ulaya zitaendelea kuletwa kwetu?

Tangu 1 Januari 2021, chini ya Mkataba wa Basel, yaani mkataba wa kimataifa wa kudhibiti usafirishaji wa taka hatari, plastiki chafu au iliyochanganyika haisafirishwi bila nchi inayopokea kukubali kwanza kwa maandishi. Kuanzia 21 Novemba 2026 Umoja wa Ulaya unasimamisha kabisa kupeleka taka za plastiki kwenye nchi zilizo nje ya OECD, jumuiya ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, zetu zikiwemo. Mianya iliyobaki ni mitumba isiyovalika na vifaa vya umeme vibovu vinavyoandikwa "vilivyotumika". Afisa wa bandari anaweza kuvigundua kwa kudai jaribio la umeme kwa kila kifaa, na vifungashio vinavyoonyesha kuwa mwenye mzigo alikusudia kifike kizima.